Pingili za Gitaa

Kampuni ya Fender imekuwa ikitengeneza magitaa ya umeme katika kiwanda chake mjini Corona, California, tangu 1985. Ukipita kiwandani humo, sehemu kubwa ya kazi Kiswahili kinaijua tayari. Randa, tupa, msasa, jiliwa, vanishi: seremala wa Keko angesimama mbele ya meza nyingi akataja kila anachokiona. Mashine ya kompyuta huchonga umbo, kisha mkono huishika shingo na kuipitisha kwenye msasa mpaka kiganja kiridhike.

Kinachotukwamisha ni vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingoni. Udi na gambusi, ala zilizotufundisha nyuzi huku pwani, hazina vyuma hivyo. Kidole hujitafutia sauti chenyewe. Tulirithi uzi, kigingi na daraja, lakini jina la kitu kisichokuwepo tungelirithi wapi? Wapigaji husema freti, na wanaelewana.

Lakini nafasi iliyo kati ya freti mbili bado haina jina, nami naitakia pingili. Utazame muwa: shinani pingili ni ndefu, na kadiri unavyokwea kileleni ndivyo zinavyofupika. Stratocaster, gitaa lililotoka 1954, lina uzi wa milimita 648. Pingili yake ya kwanza ni milimita 36 hivi; ya kumi na mbili, 19 tu. Zinapungua kwa uwiano uleule hatua kwa hatua, ndiyo maana freti ya 12 huangukia nusu ya uzi na kutoa noti ileile, oktavu moja juu. Tena neno hili lingemfaa anayejifunza. Akiambiwa "freti ya tano" huenda akabonyeza juu ya chuma chenyewe, sauti ikafifia; "pingili ya tano" humweka kidole mahali pake.

Kisha kuna kifaa kinachokaa chini ya nyuzi. Wengi hukiita pikapu, jina ambalo gari limeshalichukua. Kinasa sauti lingevutia, ila lingedanganya, kwa kuwa kifaa hiki hakisikilizi hewa kama maikrofoni. Kwenye Stratocaster ni sumaku sita zilizozungushiwa koili ya waya mwembamba wa shaba, mizunguko zaidi ya 7,000. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake, uga wa sumaku hubadilika na umeme huzaliwa ndani ya waya. Funga uzi wa nailoni, uucharaze utakavyo: spika haitatoa kitu. Basi na kiitwe kinasa-mtikisiko.

Kitenzi cha kukitengeneza tunacho, tena kizuri. Mafundi wa mota za umeme husema kusuka. Abigail Ybarra alianza kazi Fender mwaka 1956, akasuka koili kwa zaidi ya miaka 50, akiuongoza waya kwa vidole vyake, na wapiga gitaa walizitafuta zile zenye sahihi yake. Kusuka ukili, kusuka nywele, kusuka mpango: kamusi inazo maana hizo zote. Ya koili nayo iingizwe.