Afya ya Ujinsia

Miongoni mwa istilahi za utabibu ambazo Kiswahili kimezipokea katika nusu karne iliyopita, chache zimepambana na haya za watu kama afya ya ujinsia. Kwani neno la kwanza hutamkwa hadharani bila mtu kuinamisha uso, ilhali la pili aghalabu humezwa, au mahali pake huwekwa neno jingine lenye staha zaidi, nalo ni uzazi. Kusudi la makala haya ni kueleza maana, asili na mipaka ya istilahi hiyo, na kudhihirisha kwamba jambo inalolitaja ni sehemu ya uzima wa kila mtu mzima, mwenye watoto na asiye nao, kijana na mzee.

Shina la neno ujinsia ni jins, neno la Kiarabu lenye maana ya aina. Kiswahili kililipokea, likazaa jinsi, kisha jinsia; na kiambishi u-, kilekile kilichomo katika utu na uzee, kikatupa ujinsia, yaani jumla ya yote yampatayo mtu kwa kuwa ni kiumbe mwenye jinsia: mwili wake, ashiki yake, mahaba yake, na uhusiano wake na mwenziwe. Ngono ni jina la tendo tu. Kwa sababu hiyo wale waandikao afya ya ngono huipunguza maana, wakabakisha kitanda na kuyaacha mapenzi, heshima na utulivu wa moyo.

Shirika la Afya Duniani, tangu kuasisiwa kwake mwaka 1948, limeifasiri afya kuwa ni ukamilifu wa mwili, akili na maisha ya mtu pamoja na wenziwe, wala si kukosa maradhi peke yake. Katika ripoti iliyotolewa mwaka 1975, wataalamu wake waliipeleka fasiri hiyo katika ujinsia, wakasema kwamba afya yake ni kupatana kwa mwili, hisia, akili na ujamaa kwa namna inayomkuza mtu na kuyastawisha mapenzi. Wataalamu wengine walioitwa mwaka 2002 waliongeza sharti lisilopaswa kusahauliwa, ya kuwa hapana afya ya ujinsia penye shuruti, ubaguzi au jeuri.

Baina ya fasiri hizo mbili ulifanyika mkutano wa kimataifa wa Cairo wa mwaka 1994 kuhusu idadi ya watu na maendeleo, ulioipa nguvu istilahi ya afya ya uzazi na kuiweka ya ujinsia ndani yake. Manufaa ya mkutano ule ni makubwa. Walakini mazoea ya kutumia neno moja mahali pa mawili yamewaacha wengi nje ya mlango. Mwanamke wa miaka 60 hazai tena, mume na mke wagumba hawakujaaliwa kuzaa, na mjane aliyeolewa uzeeni hatafuti mtoto. Lakini wote hao wana ujinsia, na afya yake huweza kuwapendezea maisha au kuyatia uchungu. Ndiyo maana katika hojaji fupi ya Shirika la Afya Duniani ya kupima ubora wa maisha, yenye maswali 26, limo swali moja liulizalo mtu ameridhika kiasi gani na maisha yake ya unyumba, nalo limewekwa pamoja na maswali ya uhusiano na watu na msaada wa marafiki.

Na tutazame mfano mmoja kwa karibu. Mwanamume wa miaka 50 mwenye kisukari hufika kliniki, akapimwa sukari, uzito na shinikizo la damu, akavua viatu nyayo zake zikakaguliwa, kisha akaandikiwa tarehe ya kurudi, pasi na yeye wala tabibu kuutaja unyumba. Ilhali uume husimama kwa damu: mishipa hutanuka, damu ikaingia kwa wingi, ikazuiliwa humo. Mishipa hiyo, yenye upana wa milimita 1 hadi 2, ni myembamba kuliko ile ya moyo, yenye milimita 3 hadi 4. Hivyo sukari na tumbaku zikianza kuiharibu mishipa ya mwili, dhara huweza kuonekana hapo miaka kadhaa kabla ya moyo kuuma. Hali hii ya uume kushindwa kusimama wazee waliiita uhanithi, jina ambalo limegeuka tusi na halifai kliniki. Upungufu wa nguvu za kiume ndiyo istilahi ya staha. Aliyenyamaza mbele ya tabibu aghalabu huishia kununua barabarani unga wa kuongeza nguvu, na baadhi ya unga wa namna hiyo umepatikana umechanganywa kwa siri na sildenafili, dawa ambayo ikikutana na dawa za nitreti anywazo mgonjwa wa moyo huweza kuliporomosha shinikizo la damu hata akafa.

Kwa mwanamke, hedhi hukoma aghalabu baina ya miaka 45 na 55. Homoni ya estrojeni ikipungua, uke hukauka na jimai likawa na maumivu. Wengi hudhani hiyo ni hukumu ya uzee, wakamkwepa mume, naye akajiona ametupwa. Kumbe vilainishi, au estrojeni ya kupaka kwa ushauri wa daktari, huwaondolea wengi adha hiyo.

Wala kuujali unyumba si jambo geni mwambao. Fiqhi ya Kishafi, ifuatwayo na Waislamu wengi wa huko, humpa mume asiyeweza jimai muhula wa mwaka mmoja, kisha humruhusu mke kudai ndoa ivunjwe. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 nayo huruhusu kubatilishwa kwa ndoa ambayo mmoja wa wanandoa hakuweza kuikamilisha. Na kungwi, ambaye wengine humwita somo, humfunda mwari usafi na unyumba kwa maneno ya wazi ndani ya faragha. Wazee wetu walikiri kwamba unyumba ni haki, na haki haikomi kwa kukoma uzazi.

Basi waandishi na waitenge afya ya ujinsia na ya uzazi, kila moja itajwe kwa jina lake, na tabibu, amalizapo kukagua nyayo, aulize kwa upole, “Na unyumba wenu u hali gani?” Mgonjwa hana haja ya kujua istilahi ili ajibu, lakini tabibu asiyeijua hataona sababu ya kuuliza.