Mteremko wa Elgon na Historia ya Hali ya Hewa Iliyogombewa

Mji wa Kitale umo katika mwinuko wa takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na mji wa Bungoma katika mwinuko wa karibu mita 1,400, na ingawa miji hii miwili ya magharibi mwa Kenya imetengana kwa kilomita zipatazo 70 tu kwa mstari ulionyooka, watu wanaoishi katika mteremko ulio kati yao wamekuwa kwa zaidi ya karne moja wakijibu kwa njia tofauti swali la hali ya hewa inayomfaa binadamu. Kwa kuwa joto la hewa hupungua kwa wastani wa nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 za kupanda, mita 500 zinazoitenga miji hii huzaa tofauti ya nyuzi kama tatu, ambayo msafiri huifidia kwa kuvaa sweta. Lakini nyuzi hizo tatu hutosha kuamua kama malaria itaenea au itafifia, kama shamba litapandwa miwa au mahindi, na, katika enzi ya ukoloni, zilitumiwa kuwa hoja ya kuamua ni nani angemiliki ardhi na nani angeilima kwa ujira.

Maana ya maneno

Kiswahili hutenganisha mambo mawili ambayo katika mazungumzo ya kawaida huchanganywa. Hali ya hewa ni jua, mvua, upepo na baridi ya siku au juma fulani, ilhali tabianchi ni mwenendo wa mambo hayo katika mahali pamoja kwa miaka mingi, ambao wataalamu huupima kwa kipindi cha miaka 30. Neno la Kigiriki lililozaa istilahi ya tabianchi katika lugha nyingi za Ulaya, klima, lilimaanisha mwinamo au mteremko, kwa sababu Wagiriki waliamini kwamba joto la nchi hutegemea jinsi jua linavyoinama juu yake. Waarabu walilipokea neno hilo wakalifanya iqlim, na mwanahistoria Ibn Khaldun, katika Muqaddimah aliyoiandika mwaka 1377, aliigawa dunia iliyokaliwa katika kanda saba, akaiweka ile ya katikati kuwa yenye uwiano bora zaidi na inayolea watu waliokamilika zaidi. Fikra yake ilirithi kasoro moja ya wanajiografia wa kale, nayo ni kudhani kwamba joto hupangwa na umbali kutoka ikweta pekee, kana kwamba dunia ni tambarare isiyo na milima. Mlima Elgon, wenye kilele cha mita 4,321 na ulio nyuzi moja hivi kaskazini mwa ikweta, huikanusha dhana hiyo, kwa sababu katika mlima mmoja mtu huweza kutoka kwenye joto la mashamba ya pamba na miwa hadi kwenye nyanda za sakitu, yaani umande ulioganda, bila kuikaribia ncha yoyote ya dunia.

Neno kiangazi nalo linahitaji kufafanuliwa. Vitabu vya shule hulitumia mara nyingi kutafsiri majira ya joto ya Ulaya, yanayoangukia Juni hadi Agosti, lakini Kitale miezi hiyo ni ya mawingu, matope na baridi, na Julai na Agosti ndiyo huwa miezi yenye ubaridi zaidi mwakani, kwa kuwa mvua zilizoanza Machi au Aprili huendelea, zikiongezewa unyevu na pepo za magharibi zitokazo bonde la Kongo na Ziwa Victoria. Kiangazi cha Kitale ni Desemba hadi Februari, majira ya anga nyeupe, vumbi na usiku wenye baridi kali, wakati ambapo Ulaya imefunikwa na theluji. Mgawanyo wa masika na vuli, unaofuata pepo za kaskazi na kusi za Pwani, hauwezi kuhamishiwa huku kama ulivyo, kwani masika ya Kitale hayakomi Mei, bali huungana na mvua za katikati ya mwaka hadi karibu na mavuno. Zaidi ya hayo, tofauti ya joto kati ya mchana na usiku wa siku moja, ambayo huweza kuzidi nyuzi kumi, ni kubwa kuliko tofauti kati ya mwezi wenye joto zaidi na ule wa baridi zaidi, na ndiyo sababu wanajiografia husema kwamba katika nchi za tropiki usiku ndio majira ya baridi.

Mosop na Soy

Kabla ya kipimajoto kufika, wakazi wa mteremko huu walikuwa na elimu yao ya tabianchi. Wasabaoti, jamii inayojumuisha Wakony, ambao jina lao ndilo chimbuko la Elgon, pamoja na Wabook, Wabongomek na wengine, waligawa nchi yao kwa mwinuko: Mosop ni nchi ya juu, yenye baridi, misitu na malisho ya mbugani, na Soy ni nchi ya chini, yenye joto na udongo wa nafaka. Majina hayo yalikuja kuwa pia majina ya makundi ya watu, kwa sababu maisha ya mfugaji wa ng'ombe juu ya mlima hayakufanana na ya mkulima wa wimbi na mtama bondeni. Hata hivyo makundi hayo yalibadilishana asali, mifugo na nafaka, hivyo kasoro ya hewa ya upande mmoja ilifidiwa na mazao ya upande mwingine.

Wabukusu, walio wengi katika Bungoma, waliipima hewa kwa mvua na mavuno, na hata katika desturi zao ubaridi una nafasi yake. Tohara ya wavulana hufanyika Agosti katika miaka inayogawanyika kwa mbili, nayo huangukia katika majira ya ubaridi baada ya wimbi kuvunwa na pombe ya sherehe kupatikana. Alfajiri ya siku yenyewe mvulana hupelekwa mtoni, akaoshwa kwa maji baridi na kupakwa tope mwili mzima, kisha akasimama mbele ya ngariba bila kutikisika. Kwa hiyo ubaridi ambao mgeni angeuona kuwa karaha umewekwa na desturi kuwa sehemu ya kumkamilisha mwanamume.

Hewa iliyogeuka hoja ya ardhi

Joseph Thomson, Mskoti aliyefika kwenye mapango ya Elgon mwaka 1883 akifuata njia ambazo misafara ya wafanyabiashara kutoka Pwani ilikwisha kuzizoea, aliwafungulia mlango waandishi wa Ulaya waliozisifu nyanda za juu kwa ubaridi wake. Baada ya reli kufika Ziwa Victoria mwaka 1901, na Mkoa wa Mashariki wa Uganda kuhamishiwa himaya ya Afrika Mashariki mwaka 1902, Kamishna Charles Eliot alishika msimamo kwamba nyanda hizo zilistahili kukaliwa na Wazungu kwa kuwa hewa yake ilikaribiana na ya kwao. Mwaka 1903 serikali ya Uingereza ilipendekeza uwanda jirani wa Uasin Gishu kuwa makao ya Wayahudi waliokuwa wakiteswa Ulaya ya Mashariki, pendekezo ambalo kongamano la Wazayuni lililikataa mwaka 1905, na mwaka 1908 msafara wa Makaburu kutoka Afrika Kusini ukaingia uwanda huo huo kwa mikokoteni ya ng'ombe.

Nyuma ya mapenzi hayo kulikuwa na hofu. Wataalamu wengi wa tiba wa wakati huo waliamini kwamba miale ya jua la tropiki hupenya fuvu la Mzungu na kuharibu neva zake, imani iliyopewa sura ya sayansi na daktari wa jeshi la Marekani Charles Woodruff katika kitabu cha mwaka 1905, na kwa sababu hiyo mlowezi alivaa kofia nene ya jua, na wengine waliongeza kitambaa cha kukinga uti wa mgongo. Mwaka 1915 Ellsworth Huntington wa Marekani alidai kwamba mwili hufanya kazi vizuri zaidi penye wastani wa nyuzi 18 hivi, na akili penye nyuzi kama nne, na kwamba ustaarabu hustawi palipo na mabadiliko ya majira. Kwa kipimo chake Kitale, yenye wastani wa takriban nyuzi 18 au 19 mwaka mzima, ingeustawisha mwili na kuilaza akili. Nadharia hizo zimekataliwa na sayansi, kwani zilichukua desturi za mwandishi na kuzifanya kanuni ya ulimwengu, na kofia ya jua yenyewe iliachwa katika miaka ya Vita vya Pili vya Dunia, majeshi yalipoona kwamba askari wasioivaa hawakudhurika.

Sehemu moja tu ya hofu hiyo ilikuwa na msingi, nayo ni malaria. Mwaka 1897 daktari Ronald Ross alithibitisha kwamba kimelea cha malaria hukua ndani ya mbu, na ilikuja kufahamika kwamba kimelea kilicho hatari zaidi hushindwa kukamilisha ukuaji huo joto linaposhuka chini ya nyuzi 16 hadi 18, hali ambayo usiku wa Kitale huileta mara kwa mara na ambayo Bungoma huipata kwa nadra zaidi. Hata hivyo faida hiyo ya kiafya ingemfaa kila aliyelala Kitale, Mzungu au Mwafrika, na haikueleza kwa nini sheria iligawa ardhi kwa rangi.

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, mpango wa mwaka 1919 wa kuwagawia ardhi askari waliostaafu uliongeza walowezi katika Trans Nzoia, jina linalomaanisha nchi iliyo ng'ambo ya mto Nzoia, na tawi la reli kutoka upande wa Eldoret likafika Kitale mwaka 1926. Wasabaoti na Wabukusu waliojikuta ndani ya mipaka ya mashamba hayo walibaki kuwa maskwota, yaani watu walioruhusiwa kuishi na kulima kipande kidogo kwa sharti la kumfanyia kazi mwenye shamba. Mwaka 1939 amri ya Baraza la Mfalme iliweka mipaka rasmi ya Nyanda za Juu za Wazungu, ambamo Trans Nzoia ilikuwamo, wakati Bungoma, iliyo chini na yenye joto zaidi, ilibaki katika ardhi iliyotengewa Waafrika. Mpaka uliotetewa kwa hoja ya kipimajoto ukawa mpaka wa mali na mamlaka.

Mlima wenyewe haukusalimika hata baada ya uhuru. Mwaka 1968 mbuga za Chepkitale, walikoishi wafugaji wa Mosop katika mwinuko unaofikia mita 3,000, zilitangazwa kuwa hifadhi ya wanyama, na kuanzia mwaka 1971 serikali ikaanza kuwahamishia watu hao Chebyuk, chini zaidi, mpango uliozaa migogoro ya ardhi ya miongo mingi. Wakazi waliorudi Chepkitale waliendelea kudai nchi yao ya baridi, na mwaka 2022 Mahakama ya Mazingira na Ardhi huko Bungoma ikaamua kwamba ardhi hiyo ni ya jamii.

Hukumu ya mahindi

Utafiti wa mahindi ulioanza Kitale katikati ya miaka ya 1950 chini ya Michael Harrison uliibadili namna ya kuuliza swali la hewa bora. Badala ya kutafuta mahali panapofaa mmea, watafiti walitafuta mmea unaofaa mahali: mbegu zilikusanywa kutoka nyanda za juu za Amerika ya Kusini, ambako mahindi yalikuwa yamezoea usiku wa baridi karibu na ikweta, na mbegu ya Ecuador 573 ilipochanganywa na ile ya Kitale ikazaliwa H611, mbegu chotara iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1964. Kampuni ya Kenya Seed, iliyoanzishwa Kitale mwaka 1956, ndiyo iliyoisambaza. Katika baridi hiyo mahindi hukomaa polepole, kwa miezi sita hadi minane, na kukaa huko kwa muda mrefu shambani ni sababu mojawapo ya gunzi kujaa. Bungoma nayo, kwa joto lake, ilikuwa na faida ambayo Kitale haikuwa nayo: Kampuni ya Sukari ya Nzoia, iliyoanzishwa mwaka 1975, ilijengwa kwa kutegemea miwa, ambayo huchukua kama miezi 18 kukomaa katika joto la huko na huchelewa zaidi kadiri mtu anavyopanda mlima.

Mkulima wa mteremko huu, kwa hiyo, hapendi jua au mvua kwa jumla, bali hupenda kila kimoja kwa wakati wake. Mvua ya Aprili huombwa na ile ya Novemba huogopwa, kwa sababu mahindi yaliyokwisha kukauka shambani huota na kuoza, na Bodi ya Nafaka na Mazao haipokei nafaka yenye unyevu unaozidi asilimia 13.5, kwa kuwa nafaka iliyohifadhiwa ikiwa mbichi huzaa sumukuvu, sumu ya ukungu inayodhuru ini. Kiangazi cha Desemba, ambacho mpita njia wa Kitale hukilalamikia kwa vumbi, ndicho kinachoyakausha mahindi yaliyoanikwa kwenye maturubai. Kadiri joto la dunia linavyopanda na mwanzo wa mvua unavyozidi kuwa mgumu kutabiri, mazoea hayo ya wakati yanavurugika, na hasara yake humfikia kwanza asiye na shamba la akiba katika mwinuko mwingine.

Historia ya Kitale na Bungoma inaonyesha kwamba hakuna hewa iliyo bora bila kutaja ni bora kwa nani na kwa kazi gani, na kwamba walioitumia vizuri zaidi ni wale waliobadilishana mazao ya juu na ya chini, si wale waliojichagulia sehemu moja na kuwafungia wengine njia. Katika maduka ya pembejeo ya miji yote miwili, mfululizo wa 600 wa mbegu za mahindi huuzwa kwa ajili ya nyanda za juu na ule wa 500 kwa mwinuko wa kati, na kabla ya kumpimia mteja mbegu, mwenye duka humuuliza shamba lake liko wapi.