SOMO LA HISTORIA: PICHA NI SHAHIDI

Anayesoma polepole asione haya, tutakwenda pamoja.

Leo tunazungumza habari za picha. Wengi hudhani historia imo katika vitabu tu. Picha nayo ni shahidi, na kama shahidi ye yote, yataka kuulizwa vema.

Twende nyuma. Mwaka 1860 Mskoti James Augustus Grant alipiga picha mjini Unguja, kabla ya kwenda bara pamoja na Speke. Kazi ilikuwa nzito. Ilimpasa kutengeneza vioo kwa dawa ndani ya hema dogo. Joto lilikuwa kali hata kamera ikarudishwa, naye Grant akaendelea kuchora kwa mkono.

Zamani zile kamera ilihitaji muda kupokea mwanga. Nyumba haiendi, ikatoka vizuri. Mtu aliyekuwa akipita alitoka kama ukungu, au hakuonekana kabisa. Rangi pia haikutoka. Basi ukiona picha ya kale ya mji wa pwani, mtaa mtupu na watu wachache wamesimama wima, usiseme, "Mji huu ulikuwa umelala." Huenda waliokuwa kazini ndio waliopotea.

Sasa tazama Mtwara. Mikindani lipo Boma la Wajerumani, lililojengwa mwaka 1895. Picha ya ukuta wake haikuambii nani alibeba mawe. Mtwara mjini ulikua kwa ajili ya mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 na kuachwa 1951. Reli ya kwenda Nachingwea nayo haikudumu. Ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mtoto wa leo ataijua kwa picha na kwa maneno ya wazee tu.

Ninyi nanyi mwaweza kuweka ushahidi. Pwani yetu hutazama mashariki, hivyo asubuhi jua hutoka baharini. Likiwa chini, mwanga wake ni mpole: sura huonekana, na rangi za kanga hupendeza. Saa sita mchana jua liko utosini, na macho ya watu hufunikwa na kivuli. Pigeni basi asubuhi, watu wanapovuka kutoka Msangamkuu na wavuvi wanaposhusha samaki. Pigeni mikoko ya maingilio ya Mto Ruvuma, palipowekwa hifadhi ya bahari mwaka 2000, ili wajukuu walinganishe. Mtu aombwe ruhusa kwanza.

Kisha lipo jambo kubwa kuliko yote. Nyuma ya picha andika jina la mtu, mahali na mwaka. Katika picha nyingi za wakati wa ukoloni liliandikwa jina la bwana mkubwa, na wapagazi hawakutajwa. Sura zao tunazo, majina hatuna. Nawe sasa wajua kuandika. Usiache wako wapotee hivyo. Picha iliyo ndani ya simu haina mgongo, basi iandikie katika daftari.

Kazi ya nyumbani: Tafuta picha moja ya zamani. Mwulize mzee: Ni nani hawa? Ni wapi? Mwaka gani? Andika majibu, uyasome mbele ya darasa.

Kwa herini.