Mama Daktari na Njia ya Angani

Msomaji, ukisimama mjini Nakuru na kutazama huku na huku, utajiona umezungukwa na milima: Menengai kaskazini, Mau upande wa machweo, na mashariki vilima vya Bahati vinavyoelekea Nyandarua. Mandhari hayo hupendeza macho. Kwa mgonjwa, lakini, mlima ni kitu kingine kabisa. Katika ukingo wa Elgeyo nchi huporomoka yapata futi 4,000 mpaka Bonde la Kerio, na kijiji unachokiona waziwazi chini yako chaweza kuwa safari ya kutwa kwa wachukuzi wa machela.

Shida ya namna hiyo ndiyo iliyowafanya wapasuaji watatu, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, waanzishe mwaka 1957 shirika ambalo leo twaliita AMREF, wakikusudia kuwafikishia wagonjwa matabibu kwa eropleni. Wood mwenyewe alikuwa rubani. Palipofyekwa uwanja mdogo, pakawekwa na simu ya upepo, safari ya siku nyingi iligeuka kuwa ya saa chache.

Mmoja wa waliojiunga nao alikuwa jirani yetu sisi watu wa Nakuru. Anne Spoerry alizaliwa Ufaransa mwaka 1918. Alipofika Kenya aliwatibu watu wa Ol Kalou, katika nyanda zilizo juu ya futi 7,500, kisha akawa na shamba lake huko Subukia, ng'ambo ya vilima vya Bahati. Mwaka 1963, akiwa na umri wa miaka 45 (umri ambao wengi wetu huona tumekwisha kujifunza vya kutosha!), alijifunza kurusha ndege. Mwaka uliofuata aliingia AMREF, akaanza kuruka kwenda Marsabit, pwani za Ziwa Turkana, na hata Lamu. Watu wakamwita Mama Daktari.

Sasa angalia jambo ambalo wasimuliaji wengi hulipita upesi. Wao husifu ndege, na ni kweli ndege hupendeza kuisimulia. Lakini tiba nyingi haziishi kwa ziara moja. Mtoto anayekingwa asipatwe na ugonjwa wa kupooza lazima apewe dawa mara kadhaa, na dawa yenyewe huharibika isipotunzwa katika ubaridi. Mgonjwa wa kifua kikuu, katika miaka ile, alitumia dawa mwaka mzima au zaidi. Daktari aliyeshuka siku moja akaondoka asionekane tena, angewaacha hawa nusu njiani. Thamani ya Mama Daktari ilikuwa katika kurudi kwake, mwaka baada ya mwaka, kwa zaidi ya miaka 30. Naye asingeweza kurudi pasipo wenyeji kuutunza uwanja, kuondoa mawe na kufukuza mifugo ndege ilipokuwa ikizunguka juu. Majina ya watu hao hatuyakuti vitabuni.

Kuna habari nyingine, nayo ni nzito. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia Spoerry alifungwa na Wajerumani katika kambi ya Ravensbrück. Baada ya vita baadhi ya wafungwa wenzake walimshtaki kwamba aliwatendea ukatili wagonjwa waliokuwa kambini. Mambo hayo hakupenda kuyazungumza, na wasomaji wengi waliyajua baada ya yeye kufariki, Februari 1999. Wanafunzi wangu wa chuo cha ualimu huniuliza: je, alikuwa akilipa deni? Sijui jibu, na sidhani watoto waliopata dawa Marsabit hulifuta lile la Ravensbrück. Lakini kulificha moja ili kulipamba jingine si kuandika historia.

Tangu mwaka 2013 afya ya vijijini iko mikononi mwa serikali za kaunti. Ndege za AMREF zingali zikiruka. Mwaka 2023 serikali iliwapa wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 mikoba ya vifaa, nao huenda nyumba hata nyumba, wakipima shinikizo la damu na kuwauliza akina mama kama mtoto amemaliza chanjo zake. Wengi wao huenda kwa miguu, katika vijiji walivyozaliwa, wakipanda vilima vilevile.