Okidi za Uwanda wa Ufipa: Historia ya Uainishaji Wake na ya Biashara ya Viazi Vyake

Uwanda wa juu wa Ufipa umeinuka kati ya Ziwa Tanganyika upande wa magharibi na bonde la Ziwa Rukwa upande wa mashariki, na sehemu yake kubwa iko kwenye mwinuko wa kati ya mita 1,500 na 2,400, huku safu za Mbizi na Malonje zikiwa juu kabisa, karibu na Manispaa ya Sumbawanga. Mimea ya okidi inayoota katika nchi hiyo imeainishwa mara mbili, na watu wasiojuana. Wataalamu wa mimea wa Ulaya waliipanga kwa maua yake, yaliyokaushwa na kupelekwa London na Berlin tangu mwisho wa karne ya 19. Wachimbaji na wafanyabiashara wa pande zote mbili za mpaka wa Tanzania na Zambia wameipanga kwa viazi vyake, kwa kuvishika, kuvikata na kuvionja. Historia ya okidi za Ufipa haieleweki kwa kutazama upangaji mmoja tu, kwa sababu kila mmoja umeona sehemu ya mmea ambayo mwingine haukuihitaji.

Okidi ni familia ya mimea ya maua yenye spishi zinazokadiriwa kufikia 28,000 duniani, nyingi zaidi zikiwa katika nchi za joto. Alama yake kuu imo ndani ya ua: viungo vya kiume na vya kike, ambavyo katika maua mengi husimama mbalimbali, katika okidi vimeungana kuwa nguzo moja, na chavua, yaani unga wa uzazi wa ua, kwa kawaida imeshikamana kuwa vifurushi viitwavyo polinia, ambavyo mdudu huondoka navyo vikiwa vimemnasa kichwani au mwilini. Petali moja kati ya tatu imegeuka umbo ikawa mdomo, na katika spishi nyingi kikonyo cha ua hujipinda nusu mzunguko linapokaribia kuchanua ili mdomo huo uwe chini, mahali pa kutua mdudu. Wataalamu wa leo huigawa familia hii katika familia ndogo tano, na mbili kati ya hizo, ile ya okidi zenye ua mfano wa kiatu na ile ndogo kuliko zote ya Asia na Australia, hazipatikani kabisa katika bara la Afrika. Kwa Ufipa zilizo muhimu hasa ni mbili: Epidendroideae, ambamo mna karibu okidi zote zinazoota juu ya miti pamoja na baadhi ya zile za ardhini, na Orchidoideae, ambamo mna okidi za ardhini zenye viazi.

Mgawanyo huo wa vitabuni unalingana kwa kiasi kikubwa na mgawanyo wa makazi. Katika msitu wa mlimani wa Mbizi, ambao ni mabaki ya msitu yaliyozungukwa na majani mafupi ya uwanda, na ambao unajulikana pia kwa mbega wekundu wanaoishi humo, ukungu hulowesha magome ya miti na kuvu wa kila namna hustawi. Hapo ndipo panapofaa okidi za juu ya miti, zikiwemo za jenasi Polystachya, Bulbophyllum na Aerangis, jenasi ikiwa ni kundi la spishi zenye asili moja ya karibu. Okidi hizo hazinyonyi mti unaozibeba, ingawa wengi hudhani hivyo. Mizizi yake imevikwa tabaka la seli tupu zinazofyonza maji ya mvua na ya ukungu, na chakula chake hutoka kwenye mwanga na kwenye uchafu mdogo unaokusanyika katika mipasuko ya gome. Chini zaidi, kwenye miteremko inayoelekea Rukwa na Tanganyika, msitu wa mlimani huishia na miombo huanza, misitu ya miti ya Brachystegia na Julbernardia inayopukutisha majani wakati wa kiangazi, na huko hupatikana Ansellia africana, okidi kubwa yenye maua ya manjano yenye madoa ya kahawia, inayostahimili miezi mirefu bila mvua.

Hata hivyo, utajiri hasa wa Ufipa uko kwenye nyasi. Uwanda huu kwa sehemu kubwa hauna miti, na watu wameugeuza kwa karne nyingi kwa moto, kwa ufugaji, kwa kilimo cha matuta ya intumba, ambamo majani hufukiwa chini ya udongo uliopinduliwa ili yaoze na kuurutubisha, na pia kwa ufuaji wa chuma katika tanuru ndefu za udongo zilizokula makaa mengi. Okidi za nyasi zimezoea maisha hayo kwa namna ya kustaajabisha. Disa, Satyrium, Habenaria na Brachycorythis hufa juu ya ardhi kila kiangazi, majani na bua vikakauka na kuunguzwa na moto, huku uhai wote ukiwa umebaki katika kiazi kilicho sentimita chache chini ya udongo, na mvua zinapoanza kuelekea Novemba na Desemba, chipukizi hutoka, likachanua katika miezi ya mvua na kutoa mbegu kabla ya ukame kurudi. Mmea mmoja kwa kawaida huwa na viazi viwili kwa wakati mmoja: kile cha zamani, laini na kilichosinyaa kwa kuwa kinalisha bua la mwaka huo, na kipya, kigumu na chenye wanga, kinachowekwa akiba kwa mwaka unaofuata. Jembe la mkulima huua mimea hiyo, lakini moto unaopita upesi hauiui, na ndiyo sababu okidi zilibaki kwenye vilima vyenye udongo mwembamba na kwenye vinamasi vya nyasi ambavyo havikulimwa.

Mkataba wa tarehe 1 Julai 1890 kati ya Uingereza na Ujerumani ulichora mpaka kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa, ukiwapitia Wamambwe na Walungu wenye jamaa pande zote mbili, na mimea nayo ikagawanywa kwa mstari huo huo. Iliyokusanywa kusini mwa mpaka ilikwenda Bustani ya Kifalme ya Mimea ya Kew, jirani na London. Miongoni mwa waliotuma alikuwa Alexander Carson, mhandisi wa misheni ya London Missionary Society aliyeishi Fwambo, kusini tu ya mpaka wa Ufipa, na aliyefariki mwaka 1896; Robert Allen Rolfe, aliyeandika sehemu ya okidi katika kitabu kikubwa cha mimea ya Afrika ya tropiki kilichotoka 1897 na 1898, aliipa okidi moja ya huko jina la Satyrium carsonii, na ua lake ni mfano mzuri wa jenasi nzima, kwa maana halijipindi kama maua ya okidi nyingine, hivyo mdomo hubaki juu kama kofia yenye vichirizi viwili vya asali. Iliyokusanywa kaskazini ilikwenda Berlin. Huko Rudolf Schlechter, aliyekuwa mjuzi mkubwa wa okidi wa wakati wake, alichapisha mwaka 1915 orodha ya okidi zilizokusanywa na Adolf Stolz, mmisionari wa Kimoravian wa Kyimbila katika nchi ya Rungwe, na akaanzisha jenasi mpya, Stolzia, ya okidi ndogo sana zinazotambaa kwenye magome yenye kuvumwani.

Mimea ile mikavu iliyobandikwa kwenye karatasi si kumbukumbu tu. Kila jina la spishi limefungwa kwenye mmea mmoja mkavu uitwao kielelezo, na ukizuka mgogoro kuhusu jina, kielelezo hicho ndicho kinachoamua. Schlechter alifariki 1925, na usiku wa kuamkia Machi 2, 1943, mabomu yaliyoangushwa Berlin yalichoma jengo la mimea mikavu la Dahlem, mkusanyiko wake wa okidi ukateketea humo pamoja na sehemu kubwa ya mimea ya iliyokuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Hasara hiyo ilikuwa kubwa mno kwa Tanganyika, kwa sababu majina mengi ya mimea yake yalibaki yakining'inia kwenye maelezo ya Kilatini na michoro michache, na waliofuata walilazimika kutafuta nakala zilizokuwa zimegawiwa makumbusho mengine ili kujua jina fulani lilikuwa la mmea upi.

Kwa Ufipa, kazi ilianza upya kwa njia isiyotarajiwa, kupitia nzige. Bonde la Rukwa ni mojawapo ya mazalia makuu ya nzige wekundu, na shirika la kimataifa la kupambana nao liliwekwa Abercorn, mji ambao leo ni Mbala nchini Zambia, mwishoni mwa miaka ya 1940. Arthur Bullock, mtaalamu wa mimea wa Kew aliyehusika na utafiti wa nyasi za mazalia hayo, alikusanya mimea Ufipa na katika msitu wa Mbizi karibu na mwaka 1950. Baada yake alikuja Mary Richards, Mwingereza aliyeanza ukusanyaji mkubwa akiwa mtu mzima wa zaidi ya miaka 60, akaishi Abercorn na kuvuka mpaka mara nyingi katika miaka ya 1950 na 1960 kwenda Malonje, Mbizi na sehemu nyingine za uwanda. Mimea yake, iliyozidi 20,000 kwa jumla, ndiyo iliyofanya Ufipa ionekane tena vitabuni. Victor Summerhayes wa Kew alipotoa mwaka 1968 sehemu ya kwanza ya okidi katika mfululizo wa Flora of Tropical East Africa, alishughulikia kundi lile lile la okidi za viazi, na sehemu mbili zilizobaki zilikamilishwa na Phillip Cribb mwaka 1984 na 1989. Jambo moja katika mfululizo huo lilikuwa na athari: Ufipa imewekwa katika eneo la T4 pamoja na Tabora na Kigoma, wakati Mbeya, Rungwe, Njombe na Iringa zimewekwa katika T7. Nyasi za juu za Ufipa kimaumbile ni ndugu za nyasi za Kitulo na Poroto zilizo katika T7, lakini anayesoma vitabu hivyo kwa haraka huziona kama sehemu ya nchi ya miombo ya magharibi.

Wakati Summerhayes akihesabu petali, upangaji wa pili ulikuwa ukiendelea kusini mwa mpaka. Wabemba na majirani zao wa kaskazini mwa Zambia hula chikanda, ambayo pia huitwa kinaka: viazi vya okidi huoshwa, hukaushwa juani na kutwangwa, unga wake ukachanganywa na unga wa karanga, chumvi, pilipili na magadi, kisha hupikwa hadi mchanganyiko ugande na uweze kukatwa vipande. Kinachougandisha ni glukomanani, aina ya wanga unaovuta maji, na ni kitu kile kile kinachofanya sahlab ya Uturuki na nchi za Kiarabu, inayotengenezwa kwa viazi vya okidi za huko, iwe nzito kikombeni. Wauzaji wa chikanda wana majina yao ya aina za viazi. Myala, ambavyo kwa kawaida ni vya Disa, husifiwa kwa kugandisha vizuri, na vingine vinavyotoa ute mwingi hutengwa na kupewa bei ya chini au huchanganywa na vilivyo bora. Upangaji huu hauna makosa ndani ya kusudi lake, kwa kuwa mpishi anataka kujua kiazi kitafanya nini chunguni, na ua halimwambii lolote kuhusu hilo.

Chakula hicho cha vijijini kilifuata watu mijini. Watu wa kaskazini walipohamia Ukanda wa Shaba na Lusaka, chikanda ilianza kuuzwa barabarani na sokoni, viazi vya Zambia vikapungua, na wafanyabiashara wakageukia nyasi za juu za Tanzania, ambako katika sehemu nyingi viazi hivyo havikuwa chakula cha kawaida na kwa hiyo vilikuwa bado vingi. Mwaka 2003 Tim Davenport na Henry Ndangalasi walichapisha utafiti uliokadiria kwamba kati ya viazi milioni 2.2 na milioni 4.1 vilikuwa vikitolewa kila mwaka katika Nyanda za Juu Kusini kwenda Zambia, na kwamba spishi zipatazo 85 zingeweza kuathirika. Sehemu kubwa ya biashara hiyo ilipitia Tunduma, lakini Ufipa ina njia zake, mojawapo ikiwa ile ya Kasesya inayokwenda moja kwa moja Mbala, na barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga ilipowekwa lami katika miaka ya 2010, umbali kati ya kilima na soko ulifupika kwa kila aina ya bidhaa.

Hapo ndipo udhaifu wa kila upangaji ulipojitokeza. Okidi hizi za viazi zote zimo katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES wa biashara ya kimataifa ya viumbe vilivyo hatarini, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 1979, na kwa hiyo kuvusha viazi hivyo bila kibali ni kosa. Lakini ofisa wa mpakani anayefungua gunia hukuta viazi vilivyopakwa udongo, visivyo na jani wala ua, na vitabu vyote vya Kew havimsaidii, kwani funguo zake za utambuzi huanza na mdomo na nguzo ya ua. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Uppsala na wenzao walijibu tatizo hilo kwa kusoma vinasaba, yaani maelezo ya urithi yaliyo katika kila seli, vya viazi na hata vya chikanda iliyokwisha kupikwa, wakivilinganisha na vya mimea inayojulikana kwa jina. Walikuta kwamba biashara haitumii Disa, Satyrium na Habenaria pekee, bali pia jenasi nyingine, na hilo linadokeza kwamba wachimbaji walikuwa wamekwisha kuhama kutoka viazi vizuri kwenda kwenye vinavyopatikana.

Hifadhi ya Taifa ya Kitulo ilitangazwa mwaka 2005 kwa sababu ya maua yake, okidi zikiwa mbele, na jambo hilo lilikuwa la pekee katika Afrika ya tropiki. Ufipa haina mfano wake. Ulinzi wake uko kwenye msitu wa Mbizi, yaani kwenye okidi za juu ya miti, ambazo hakuna anayezipika, wakati okidi za viazi zinaota nje yake, kwenye nyasi zinazohesabiwa kuwa malisho au mashamba ya akiba. Kuzirudisha kwa kupanda si kazi nyepesi: mbegu ya okidi ni ndogo kama vumbi na haina akiba ya chakula, na tangu Noël Bernard wa Ufaransa alipoligundua jambo hilo mwaka 1899 inajulikana kwamba porini haikui isipokuwa imeingiwa na kuvu maalumu wa udongoni anayeilisha. Mche ukishatoka hukaa miaka kadhaa kabla ya kuchanua kwa mara ya kwanza, na mchimbaji anayeng'oa kiazi kipya kabla mbegu hazijaiva huondoa mmea wa mwaka unaofuata pamoja na ile miche ambayo ingechukua nafasi yake.