Aliyeshindwa Mara Mbili

Nimefuatilia mashindano mengi ya sataranji, lakini siku iliyonikaa moyoni ni tarehe 1 Aprili 2013. Mjini London, wachezaji 8 walikuwa wakiwania nafasi ya kumkabili Viswanathan Anand, bingwa wa dunia wa wakati huo. Kila mmoja alicheza michezo 14. Katika mchezo wa 12, Magnus Carlsen alifungwa na Vassily Ivanchuk, naye Vladimir Kramnik akamfunga Levon Aronian na kushika uongozi. Katika wa 13, Carlsen alimshinda Teimour Radjabov kwa hatua 89, wakalingana.

Siku ya mwisho nilikaa mbele ya kompyuta nikingoja mmoja wao amalize kazi. Wote wawili wakafungwa! Carlsen na Peter Svidler, Kramnik na Ivanchuk yule yule. Kila mmoja alibaki na alama 8.5, na wao kwa wao walikuwa wametoka sare. Ndipo ikafuatwa kanuni iliyowekwa mapema: nani kashinda michezo mingi zaidi? Carlsen 5, Kramnik 4.

Nilimwonea Kramnik uchungu. Hadi siku ile hakuwa amefungwa hata mara moja, ilhali Carlsen alifungwa mara 2. Wazee husema asiyekubali kushindwa si mshindani. Nilidhani hayo ni maneno ya kumfariji aliyeshindwa. Kumbe yaweza pia kuwa hesabu ya mshindi. Novemba mwaka ule ule, huko Chennai, Carlsen alimvua Anand ubingwa.