Filamu za Vugiri (1935–1937)

Filamu za Vugiri ni picha za sinema zilizotengenezwa na mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment, kwa kifupi BEKE. Kambi yake ilikuwa Vugiri, kwenye milima ya Usambara, ndani ya Wilaya ya Korogwe ya leo. Fedha nyingi zilitoka Carnegie Corporation ya Marekani. L. A. Notcutt alisimamia upigaji picha, G. C. Latham elimu.

Zilitengenezwa takriban filamu 35, kwenye ukanda wa milimita 16. Sauti iliwekwa kwenye santuri, hivyo picha ileile iliweza kusemeshwa Kiswahili hapa na lugha nyingine kwingine. Lori lilizitembeza Tanganyika na nchi jirani. Mada zilikuwa safura, kodi, chai, akiba ya posta: mambo ambayo wakoloni walitaka yafundishwe. Mtazamaji wa leo atanufaika zaidi akiangalia yaliyoingia bila kukusudiwa, yaani mavazi, mashamba, mwendo wa watu.

Inasikitisha kwamba zinazojulikana kusalia ni tatu tu. Zimehifadhiwa Uingereza, na mojawapo inahusu mashamba ya Kingolwira, Morogoro.